Jina la Kutaja Juu ya Kikombe

Hapo zamani, enzi ambazo ukitaka kujua kama mtu ana kisukari ulitazama asubuhi sisimizi wanaelekea wapi, palikuwa na mke na mume juu ya milima ya Upare. Mke aliitwa Namkunda. Mume aliitwa Senkoro. Mungu aliwapa mtoto mmoja, wa kike, wakamwita Naeli. Tangu siku ile watu waliacha kuwaita Namkunda na Senkoro. Waliwaita Mama Naeli na Baba Naeli. Likumbukeni hilo, maana tutalirudia.

Mama yake Namkunda, Bi Nakijwa, alikuwa mganga wa mitishamba. Alirithi kwa mama yake mti mmoja unaoota juu kabisa, mahali ukungu hautoki mpaka saa nne. Jina la mti sitalitaja. Mtu akilisikia atakwenda kuchemsha, na hadithi hii inamhusu mtu aliyechemsha.

Kwa watu wale dawa haikunywewa kimya kimya. Aliyeitoa alionja kwanza, mgonjwa akimtazama koo, aone imeshuka. Kisha alitaja jina la mwenye dawa: "Hii ni ya Fulani." Mgonjwa akajibu: "Namshukuru Fulani." Ndipo akanywa. Kwa hiyo kila kikombe kilitajiwa jina mara mbili. Na jina lililotajwa juu ya kikombe cha kwanza halikubadilishwa tena, hata miaka mia ipite. Wako watu waliokufa zamani, makaburi yao yamemezwa na migomba, lakini majina yao yalikuwa yanatamkwa kila asubuhi na watu wenye kikohozi.

Naeli alipokuwa na miaka kumi na minne alianza kuwa na kiu. Alikunywa maji ya mtungi mzima. Akakonda. Sisimizi wakafuata njia aliyopita. Bi Nakijwa akapanda juu, akashuka na majani pamoja na vikonyo vyake, akachemsha. Akakoleza kwa sababu alimpenda mjukuu wake. Akaonja yeye, akataja jina la bibi yake yeye, mwenye dawa, Naeli akashukuru, akanywa.

Wiki ya kwanza Naeli alipata nafuu, akacheka, akateka maji. Wiki ya pili bibi akakoleza zaidi. Siku moja mchana, ametoka kufua, Naeli akaanza kutetemeka. Jasho baridi likamtoka. Akamtazama mama yake na kumwita shangazi. Kabla jua halijazama alikuwa amefariki.

Wengine walisema, "Ni kisukari." Wengine walisema, "Ni dawa." Hakuna aliyejua. Bi Nakijwa alikifunika chungu chake kifudifudi nyuma ya nyumba, na hakuchemsha tena.

Miaka mitatu ikapita. Asubuhi moja Namkunda alikwenda nyuma ya nyumba, mahali mume wake alipokojoa alfajiri, akawakuta sisimizi wamejipanga. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akachota majivu jikoni, akawamwagia, akarudi ndani kuandaa uji. Senkoro alikuwa ameshauona uso wake.

"Wamekuja?" akauliza.

"Wamekuja, Baba Naeli."

"Haya. Tumshukuru Mungu kwa uji kwanza."

Mwaka uleule akapanda mlimani mgeni kutoka pwani, jina lake Daktari Mwinyikai. Alikuja na vizimba vya sungura, taa ya spiriti, na chupa za maji ya buluu. Maji yale ukiyachanganya na mkojo wa mtu na kuyachemsha yanasema ukweli. Yakibaki buluu, hana sukari. Yakiwa kijani au manjano, anayo. Yakiwa rangi ya tofali, mtu huyo yuko hatarini. Mwinyikai alikuwa amesikia habari za ule mti. Akaenda kwa Bi Nakijwa. Bi Nakijwa akamfungia mlango.

Aliyeugonga mlango ule mara ya pili alikuwa Senkoro.

"Mama, mfundishe mgeni."

"Nimfundishe kuua?"

"Mfundishe ulichokuwa unafanya. Kama kinaua, atatuambia kinaua wapi."

"Na wewe, mkwe wangu, kwa nini usije tu nikupe kidogo? Nitapunguza."

"Utapunguza kiasi gani, mama?"

Bi Nakijwa akatazama viganja vyake. Senkoro akasema polepole, maana hakuwa mtu wa maneno mengi: "Naeli alikunywa kwa kukisia. Sitaki mtoto wa mtu mwingine anywe kwa kukisia."

Basi Bi Nakijwa akajifunga kanga kiunoni, akapanda juu na mgeni, akamwonyesha mti ambao mama yake alimwapisha asimwonyeshe mtu asiye wa ukoo.

Mwinyikai akafanya kazi. Sungura sita aliwapa majani na vikonyo. Wanne wakafa wakitetemeka. Sungura sita aliwapa majani matupu. Wote wakaendelea kula nyasi. Akaongeza kipimo mara mbili, mara tano, mara kumi, atafute mahali madhara yanapoanzia. Akawapasua waliokufa, akatazama maini. Miezi minane. Kisha akakausha majani matupu, akayapima kwa mizani ndogo, akachemsha, akanywa yeye mwenyewe siku thelathini, watu wakimtazama kama wanavyomtazama mtu anayevuka mto uliofurika. Hakudhurika.

Ndipo akawaita wenye kisukari thelathini kwenye uwanja wa kanisa.

"Kumi na watano watakunywa dawa," alisema. "Kumi na watano watakunywa maji yaliyotiwa uchungu tu, hayana dawa. Chupa zina namba. Hakuna atakayejua yake ni ipi, hata mimi sitajua. Orodha imo ndani ya mkebe, na mkebe anao mzee wa kanisa. Siku mia moja. Baada ya hapo tunaufungua, na kila mtu atapewa dawa yenyewe."

Mzee mmoja aliyeitwa Kangero, jirani wa akina Senkoro, akainua mkono. "Sasa Bwana Daktari, mimi niache mihogo yangu nije kunywa maji?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Nikipata maji nitajua. Ulimi wangu haudanganywi."

"Hata ukijua, unyamaze."

"Huyo hajui kunyamaza hata kanisani," mke wa Kangero akasema, na watu wakacheka.

Mwinyikai akaongeza mambo mawili. La kwanza: kila Jumamosi angechemsha mkojo wa kila mtu, na mwenye rangi ya tofali angeshushwa hospitali bondeni akachomwe sindano, naye angetoka katika hesabu. La pili: mtu yeyote akinywa kisichokuwa chake, hesabu yote imeharibika, thelathini wote, na yeye hangeweza kupata ruhusa ya kurudi tena.

Alikuwa mtu mwangalifu. Alipima maini ya sungura, alipima majani, alipima siku. Jambo moja hakuliuliza: katika nyumba za watu wale, nani huonja kwanza.

Asubuhi ya kwanza Namkunda akamimina dawa ya mume wake kwenye kikombe. Chupa ilikuwa namba kumi na tisa. Akaonja, kama mama yake alivyomfundisha tangu akiwa mdogo. Alikuwa ameonja dawa ile ya kweli tangu alipoota meno. Uchungu wake hushuka kooni, kisha hurudi juu kupitia puani, baridi kama hewa ya kule mlimani. Uchungu huu ulikaa kwenye midomo. Ukaishia pale pale.

Akameza. Akampa mume wake kikombe. Hakusema kitu.

Siku ya pili akaonja, akameza, akampa. Siku ya tatu akaonja, akameza, akampa. Siku ya saba Senkoro hakukipokea kikombe.

"Mama Naeli, unameza haraka. Wewe si mtu wa kumeza haraka."

Namkunda akapangusa midomo.

"Ni yenyewe?"

Namkunda hakuwahi kumdanganya mume wake tangu siku walipofunga ndoa. Akasema, "Siyo."

Senkoro akakitazama kikombe. Nje kwa Kangero walimsikia Kangero akimwambia mtu njiani, "Yangu ndiyo yenyewe! Naisikia inatembea mpaka kwenye magoti!"

Senkoro akacheka kidogo. Kisha akakipokea kikombe, akanywa yote.

"Nakwenda kwa mama," Namkunda akasema. "Chungu kipo pale. Majani matupu, kipimo tunakijua sasa. Daktari hataona."

"Ataona rangi. Atasema maji nayo yanaponya. Atawaambia watu uongo bila kujua."

"Basi tumwambie. Utoke."

"Nikitoka kwa sababu nimejua, wengine wataulizana, wataanza kuonja chupa za wenzao. Kangero atakuwa wa kwanza." Akashika mkono wake. "Zimebaki siku tisini na tatu. Watu huvumilia zaidi ya hapo. Wewe umejua, na mimi nimejua. Wengine wasijue."

"Na ikifika rangi ya tofali?"

Hakujibu siku ile. Alijibu Alhamisi, alipomwambia asipike ugali. Alhamisi na Ijumaa alikula mboga ya mnavu ya kuchemsha tu, na maji. Jumamosi rangi ilisimama kwenye manjano. Jumamosi nyingine vilevile. Kila wiki siku mbili Namkunda alimpikia mnavu mtupu, na kila asubuhi alionja, akameza, akampa. Na kila alfajiri alikwenda nyuma ya nyumba na majivu.

Kanisani Senkoro aliimba besi. Jumapili kwa Jumapili Namkunda aliisikia besi ile ikipungua, kama mtu anayeimba huku akienda zake mbali. Alimwomba Mungu siku zikimbie. Siku hazikukimbia.

Siku ya tisini na moja, Jumatano, Senkoro hakuamka kwenda shambani. Ngozi ilikuwa kavu. Midomo ilikuwa imepasuka. Pumzi yake ilikuwa nzito na ya haraka, na ilinukia ndizi zilizoiva sana. Watu walitengeneza machela, wakaanza kushuka naye. Walipofika kwenye daraja la magogo, Senkoro akamwambia mke wake, "Hesabu…" Alikuwa anauliza. Namkunda akamwambia, "Ipo, Baba Naeli. Haijavunjika." Hawakufika bondeni.

Alimzika kando ya Naeli. Siku ya mia moja mkebe ulifunguliwa.

Kati ya kumi na watano waliokunywa dawa, kumi na wawili walikuwa na rangi ya buluu. Hakuna aliyeumwa. Kati ya waliokunywa maji, hakuna hata mmoja aliyefika buluu. Mzee wa kanisa akasoma namba na majina. Alipofika namba tano akasema, "Kangero. Maji." Watu walitaka kucheka, wakamtazama Namkunda, wakaacha. Kangero akakaa chini kwenye nyasi, akajishika magoti.

Namkunda akamwendea Mwinyikai, akamweleza yote: kuonja, mnavu, majivu. Mwinyikai akavua kofia yake.

"Ningejua ningemshusha siku ileile."

"Alijua ungemshusha."

"Mama, yule alinidanganya. Aliificha rangi yake kwa mnavu. Aliyafanya maji yaonekane bora kuliko yalivyo." Akaikunja kofia. "Na bado dawa imeyashinda. Hesabu haikuvunjika. Lakini nimempoteza mtu aliyekuwa mikononi mwangu, na nitalala nalo hilo."

"Niambie jambo moja, Bwana Daktari. Mtu anayekufa kwa sukari kuzidi, anakuwaje?"

"Kama alivyokuwa Baba Naeli. Mkavu, pumzi inanukia matunda."

"Na anayetokwa jasho baridi, akatetemeka, akamsahau mama yake?"

Mwinyikai hakutaka kujibu. Akamwona anangoja, akajibu. "Huyo sukari yake imeshushwa mno. Huyo si kisukari, mama. Ni dawa iliyozidi."

Basi Namkunda akajua. Bi Nakijwa alikuwa amesimama nyuma yake, naye akajua.

Mwezi ukapita. Mwinyikai akaiacha dawa mikononi mwa Namkunda, pamoja na mizani na kijiko cha kipimo, maana ndiye mrithi wa mama yake. Majani matupu, kwa kipimo. Haikuwa tena dawa ya zamani. Ilikuwa dawa mpya, haijatajiwa jina la mtu. Asubuhi watu wakakusanyika uani kwake kwa kikombe cha kwanza, na mgonjwa wa kwanza alikuwa Kangero.

Namkunda akamimina. Kisha akauliza, kama desturi ilivyotaka, "Niitaje ya nani?"

Mwinyikai akasema kwanza, kwa adabu. "Sisemi kwa kujitakia. Desturi yenu, nimeelezwa, hutaja aliyeonja kwanza ikawa salama. Dawa hii, kwa kipimo hiki, mimi ndiye niliyeionja kabla ya mtu yeyote. Mimi ndiye niliyetenga kikonyo na jani. Dawa itavuka mlima huu. Mgonjwa wa mbali atataka jina la mtu anayeweza kuulizwa: ulipima? Na akajibu: nilipima."

Watu wakasema, "Ni kweli."

Bi Nakijwa akasimama. Alikuwa amezeeka sana katika mwezi ule mmoja. "Mti ni wangu. Nisingefungua mlango, mgeni angerudi pwani na sungura wake. Nilivunja kiapo cha mama yangu. Hiyo ni haki yangu, na leo naitoa." Akamgeukia binti yake. "Taja Naeli. Sungura wanne walikuja baadaye. Naeli ndiye wa kwanza aliyetuonyesha dawa inapoulia. Kila mtoto atakayekunywa akapona, apone kwa ajili yake. Na mimi nilisikie jina lake kila asubuhi mpaka nife. Ndilo ninalostahili."

Wanawake walitazama chini.

Kangero akakohoa. "Mimi sina haki ya kusema hapa, lakini nitasema. Nilikunywa maji, nikajisifu. Senkoro alikunywa maji, akanyamaza. Mimi nilikuwa napata nafuu ya mdomo. Bila wale waliokunywa maji msingejua lolote, na katika sisi wote ni yeye peke yake aliyejua anakunywa nini. Taja Senkoro."

Mzee wa kanisa akatikisa kichwa. "Lakini Mzee Kangero, utaitajaje dawa kwa jina la mtu ambaye hakuionja hata tone? Tena alificha rangi. Na mgonjwa atakayeuliza, 'Huyo Senkoro alipona?' tutamjibu nini?"

"Tutamjibu alikufa ili wewe upone."

"Hayo ni maneno ya Mwingine, Kangero. Usiyatumie ovyo."

Kangero akarudi mbele ya kikombe.

Namkunda alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, naye hakusema. Lakini mimi nitawaambia alichokuwa akifikiri.

Alifikiri kwamba jina la Naeli bado linaitwa. Kila anayemsalimu anaita Mama Naeli, sokoni, kisimani, kanisani. Mtoto wake amelala ndani ya jina lake kama alivyokuwa akilala mgongoni. Lakini jina la Senkoro, tangu liliposomwa siku ya mkebe, halijatamkwa mbele yake mpaka asubuhi hii. Watu husema marehemu. Watu husema baba wa watu. Nyumba ina ukimya mahali besi ilipokuwa. Angelitaja leo, lingetamkwa mara mbili kwa kila kikombe, na watu wasiomjua, mbali huko, wangesema kila asubuhi: namshukuru Senkoro. Angekwenda kulala kila siku akijua kwamba kesho kuna mtu atamwita.

Kisha akafikiri kwamba yeye ndiye aliyepika mnavu. Yeye ndiye aliyeonja akanyamaza. Je, mtu mwenye kiu kama hii ya kulisikia jina anaweza kuaminiwa kulichagua?

Akamtazama mama yake, ambaye aliua kwa kupenda, na aliyetaka jina lile liwe adhabu yake na faraja yake. Akamtazama daktari, ambaye hakuna mgonjwa aliyepona pale uani pasipo mikono yake. Akatazama kule nyuma ya nyumba. Majivu yalikuwa bado yapo. Sisimizi hawakuwepo.

Akakiinua kikombe, akaonja. Uchungu ukashuka, ukarudi juu puani, baridi, wenye hewa ya mlimani. Ladha ambayo ulimi wa mume wake haukuipata hata siku moja.

Akameza polepole. Kila mtu akaona koo lake linashuka.

"Mama Naeli," Kangero akasema taratibu, mikono mbele, "taja basi, nami nishukuru."

Na jina likitajwa hapo, halibadilishwi tena.

Ninyi mliokaa kunisikiliza, mmewasikia wote. Kikombe kimejaa, mgonjwa ananyoosha mikono, na mjane amefungua kinywa. Je, aseme hii ni ya nani?